Mfungua Kurasa

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Umetoboka katikati, kingo zimefumuka, na mgeni akibisha hodi mwenyewe huusukumia uvunguni kwa aibu. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, laini na wenye nakshi, lakini msala unaosemwa hapa uko kwapani mwa mpita njia. Wahenga waliviweka viwili hivi pamoja ili kutuonya: kilichochakaa ndicho chako, na ndicho utakachokikalia jua likizama, kinachopendeza kinapita zake, na mwenye nacho hata hakujui. Onyo hili kila mtu analifahamu, na karibu kila mtu hulisahau siku yake inapofika. Fundi saa wa kisa hiki alilifahamu vizuri sana. Aliwahi hata kuwafafanulia wanawe wakati wa chakula, kidole kikiwa juu, kama mtu ambaye jambo lenyewe halimhusu.

Watu walimwita Kibanio. Jina hilo lilitokana na kijichuma cha kunyanyulia vijigurudumu vya saa, ambacho hakikubanduka mfukoni mwa shati lake, upande wa moyo. Kibanda chake cha kazi kilibanana kati ya kinyozi na duka la viatu, na ukutani zilining'inia saa za kila namna, zote zikisema wakati uleule, maana hakuvumilia saa yenye uongo. Lakini majirani walijua kwamba kibanio kile kilishika stempu mara nyingi kuliko kilivyoshika vijigurudumu. Mkewe alikuwa akimtania kwamba akifa atazikwa nacho, na malaika wa kwanza kumkaribia atabanwa pua.

Hakukusanya stempu za ndege wala za wafalme. Yeye alikusanya za watunzi wa muziki wa zamani na za vinanda vya mabomba. Kinanda cha mabomba si kile cha kubebwa begani. Ni chombo kinachojaza ukuta mzima, mabomba mengine marefu kama nguzo za umeme na mengine mafupi kama kalamu, kila moja na sauti yake, yote yakivuviwa upepo kutoka nyuma. Kibanio alikuwa na vinanda vya makanisa ambayo asingeyaona maishani mwake, kila kimoja katika kipande cha karatasi kisichozidi ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Alikuwa na watunzi wenye nyuso nzito na nywele za bandia zilizofika mabegani.

"Wanaume hawa wa nywele za kununua," mkewe alizoea kusema, "ndio wake wenzangu."

Mapenzi hayo yalitoka kwa dada yake. Dada huyo alikuwa mpigaji wa kinanda cha mabomba katika kanisa la mtaani kwao, kinanda kikongwe kilichopandiwa kwa ngazi nyembamba ya mbao. Wazazi walipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwachia nyumbani, alipanda naye juu. Pale juu alimpa kazi. Mpigaji wa kinanda hana mkono wa ziada: mikono yote miwili iko kwenye vibao, na miguu yote miwili inakanyaga vibao vingine chini. Ukurasa ukiisha, lazima mwingine aufungue. Tena kuna vishikio vya mbao pande zote mbili, ukivuta kimoja, safu ya mabomba inaamka, ukikisukuma, inalala. Kijana akawa mfungua kurasa na mvuta vishikio.

Wapigaji wengine hutikisa kichwa kumwashiria mfungua kurasa wao. Dada hakutikisa kichwa. Alivuta pumzi. Kabla tu ya ukurasa kugeuka, kifua chake kilipanda kidogo, na mdogo wake, aliyesimama kushotoni kwake, aliisikia pumzi ile hata katikati ya ngurumo za mabomba. Hawakuwahi kukubaliana hivyo. Ilitokea tu, wakazoeana, hadi wao wenyewe wakasahau kwamba ni ishara.

"Wewe ni mkono wangu wa tatu," dada alimwambia. "Nikipata sifa, theluthi yako."

Siku moja kifurushi cha karatasi za muziki kilifika kutoka mbali, na juu yake palikuwa na stempu ya kahawia yenye uso wa Bach, mtunzi mkuu wa muziki wa vinanda hivyo. Jino moja la ukingo wake, pale stempu zinapochanwa, lilikuwa limekatika. Dada aliikata pamoja na kipande cha bahasha, akaiweka kiganjani mwa mdogo wake. "Shika babu yetu," alisema, "ili usichezecheze miguu nikiwa nazungumza na padri." Ndiyo iliyokuwa stempu yake ya kwanza. Albamu zote zilizofuata zilizaliwa na kipande kile chenye pengo.

Mambo ya dunia huanza hivyo, kwa wema, halafu hupinda yakiwa yanatazamwa. Kibanio alioa, akafungua kibanda, akapata watoto, na Jumapili ikawa ndiyo siku pekee ya kukaa na albamu zake. Mwanzoni alimwambia dada kwamba ana kazi. Baadaye hakumwambia kitu. Dada aliendelea kupiga nyimbo za ibada alizozijua kwa moyo, na ule muziki mrefu wa Bach, waliokuwa wakiupiga pamoja hadi vioo vya madirisha vikatetemeka, akaukunja akauweka. Hakulalamika hata siku moja. Laiti angelalamika! Watu wasiolalamika hutufanya tuamini kwamba hatuwadai wala hawatudai.

Miaka ikapita. Paa la kanisa likaanza kuvuja, maji yakaingia katika mabomba, mbao zikavimba. Wakubwa wa kanisa wakaamua kinanda kishushwe na kuondolewa, na mahali pake kiwekwe kinanda cha umeme kinachobebwa na mtu mmoja. Dada naye macho yalikuwa yameanza kufifia. Alipoambiwa, aliomba jambo moja tu: ibada ya mwisho, alasiri ya Jumapili, aupige ule muziki mrefu kuanzia mwanzo hadi mwisho, ndipo mabomba yanyamaze.

Alimfuata mdogo wake kibandani. Alisimama mlangoni akiwa amefumba jicho moja kwa ajili ya jua.

"Mdogo wangu, nimekuja kukuazima."

"Kuniazima, dada? Mimi ni saa?"

"Wewe ni mkono. Nimeziandika upya karatasi za muziki kwa noti kubwa ili nizione. Sasa kurasa zimekuwa nyingi mno, ukifumba na kufumbua unafungua nyingine. Peke yangu siwezi."

Kibanio alikubali papo hapo, na alikubali kwa moyo wote. Tusimzulie ubaya ambao hakuwa nao. Walifanya mazoezi jioni kadhaa. Mara ya kwanza alipanda ile ngazi akihema, akasimama kushotoni kwa dada, na pumzi ile ilipokuja, mkono wake ukaenda wenyewe kana kwamba hawakuachana hata siku moja. Dada alicheka huku akipiga. Alipomaliza aligeuka, macho yamelowa.

"Nilidhani umesahau."

"Nitasahauje?" alisema Kibanio, na akaona aibu, kwa sababu alijua kuna namna ya kusahau ambayo haihusiani na kumbukumbu.

Sasa, katika albamu yake palikuwa na ukurasa mmoja alioupenda kuliko mboni ya jicho. Juu kabisa alikaa yule Bach wa kahawia, na chini yake vilipangwa vinanda vikuu vya toleo moja lililochapishwa zamani. Toleo lote alikuwa nalo isipokuwa stempu moja ya buluu. Nafasi yake ilibaki wazi, imechorewa kijisanduku kwa penseli, na kila alipofungua ukurasa ule jicho lilikwenda hapo kwanza, kama ulimi unavyokwenda kwenye jino lililong'oka. Alikuwa amemwandikia kila mkusanyaji aliyemfahamu. Wote walimjibu kwamba hawana.

Jumamosi, siku moja kabla ya ibada, simu yake iliita. Alikuwa mchuuzi wa stempu, mtu wa kuhama mji hadi mji na sanduku lake.

"Ile ya buluu ninayo," mchuuzi alisema. "Ila napita tu. Kesho mchana niko nyumba ya wageni karibu na stendi, jioni naondoka. Na kuna mwalimu mstaafu hapa naye anaitaka."

Moyo wa Kibanio ulimdunda. Akapiga hesabu haraka haraka: mchana kwa mchuuzi, alasiri kanisani. Saa zote ukutani zilimwambia kwamba inawezekana. Mkewe alipoambiwa, aliweka chini nguo aliyokuwa akiipiga pasi.

"Baba watoto, kesho ni ya dada."

"Na nitakwenda kwa dada. Nimekwambia siendi?"

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni."

"Mimi ni fundi saa, mke wangu. Wakati ndio kazi yangu."

Jumapili alimkuta mchuuzi anakula. Alikula polepole, mfupa kwa mfupa, akazungumza habari za barabara mbovu. Mwalimu mstaafu alikuwa amekaa pembeni, miwani puani, kimya kama paka aliyeona samaki. Hatimaye mchuuzi alinawa, akafungua sanduku, akatoa vitu vingine kwanza, kama wafanyavyo wachuuzi wote. Mwishowe, kutoka katika bahasha ya karatasi laini, ikatoka stempu ya buluu.

Kibanio aliikagua kwa lenzi. Alihesabu meno, akatazama rangi, akageuza nyuma kuona kama gundi haijaguswa. Ilikuwa nzima kama iliyotoka mashineni jana. Alitaja bei aliyokuwa tayari kutoa, na mchuuzi akatikisa kichwa.

"Siuzi. Nabadilisha. Niliwahi kusikia una Bach wa kahawia, lile toleo lililoondolewa madukani mapema. Nipe huyo, chukua hii."

"Ana jino limekatika."

"Hata akiwa kibogoyo mtupu. Mteja wangu anamtaka."

Mwalimu mstaafu akajikohoza.

"Mimi pia ninaye Bach wa kahawia," alisema kwa upole. "Ila wangu yuko nyumbani, mbali kidogo."

"Atakayetangulia kuleta ndiye," alisema mchuuzi, akaanza kuchokoa meno.

Nyumba ya Kibanio ilikuwa upande mmoja wa mji na kanisa upande mwingine. Alikimbia nyumbani. Mkewe alikuwa amekwisha kuvaa, mkoba mkononi, anatoka kwenda ibadani. Alimwona mumewe akifungua albamu na kumbandua babu wa kahawia kwa kibanio.

"Hiyo si ndiyo aliyokupa dada?"

"Nitapata nyingine kama hii. Ziko duniani."

"Stempu utapata nyingine," mkewe alisema. "Na dada je, utapata mwingine?"

Swali hilo Kibanio aliliacha pale sebuleni likiwa limesimama, akatoka mbio. Alimtangulia mwalimu mstaafu. Alitoa ya kahawia, akapokea ya buluu, akaitia katika kijitabu chake cha mfukoni, na furaha ikampanda kichwani kama joto. Alipotoka nje ndipo alipotazama saa ya mkononi. Ilikuwa saa aliyoirekebisha mwenyewe, na haikuwahi kumdanganya. Alasiri ilikuwa imekwisha kuanza bila yeye.

Kule kanisani dada alingoja. Padri alirefusha matangazo kwa hisani yake, kisha hakuwa na tangazo jingine. Mama mmoja wa kwaya, mwema na mwenye kujua noti, akajitolea kupanda na kufungua kurasa. Alisimama kushotoni, akakaza macho kwenye kichwa cha dada, akisubiri kitikisike, maana ndivyo alivyofundishwa. Dada alianza. Watu waliokuwapo wanasema mabomba hayajawahi kusema vile. Wazee walishikilia viti vya mbele yao. Ukurasa wa kwanza ukaisha. Dada akavuta pumzi. Mama wa kwaya akaendelea kusubiri kichwa. Dada akapiga noti chache gizani kwa kukumbuka, mama akashtuka, akafungua kurasa mbili kwa pamoja, akazirudisha, karatasi zikateleza na kushuka sakafuni moja moja. Mkono wa dada ukaangukia mahali pasipo pake. Sauti mbaya, pana, ikajaa kanisa zima, ikakaa hewani kwa muda. Dada aliinua mikono, akasikiliza hadi ilipokwisha, akafunika vibao. Hiyo ndiyo iliyokuwa sauti ya mwisho ya kinanda kile, na hakuna aliyeweza kuisahihisha.

Kibanio alipofika, watu walikuwa wanatoka. Hakuna aliyemsemesha. Mkewe alimpita mlangoni akiwa ametazama pembeni. Alipanda ngazi, akamkuta mama wa kwaya amepiga magoti anaokota karatasi huku akilia, na dada amekaa kwenye benchi lake, mikono mapajani.

"Dada," alisema.

Dada aligeuza uso kuelekea sauti. Hakukunja uso. "Umekuja," alisema. "Umeipata?"

Kama angemtukana, Kibanio angeshukuru. Tusi angelishika kama kamba. Swali lile la upole lilimnyima hata pa kujishikilia.

"Nani alikwambia?"

"Mkeo aliniambia kabla sijaanza. Nilijua ungekuja mbio. Nilijua tu." Alinyoosha kiganja. "Nione."

Aliitoa, akaiweka kiganjani mwa dada, kama yeye mwenyewe alivyowahi kuwekewa ya kahawia. Dada aliisogeza karibu na jicho, akaisogeza mbali.

"Naona buluu tu. Nisomee. Kuna nini?"

Kibanio akatoa lenzi. Mchana kutwa alikuwa ameikagua stempu ile meno yake, rangi yake na gundi yake, lakini picha yenyewe hakuwa ameitazama. Sasa akaitazama.

"Kuna mabomba," alisema. "Marefu katikati, mafupi pembeni. Juu kuna nakshi za majani. Chini kuna vibao, safu mbili. Na mpigaji amekaa, ametupa mgongo."

"Na pembeni yake?"

Akakaza jicho. Kushotoni kwa mpigaji, katika mistari myembamba kuliko unywele, alisimama mtu mwingine, mdogo wa umbo, mkono mmoja ukiwa juu ya kishikio na mwingine umeinuliwa kwenye ukurasa. Kibanio alitamani kusema kwamba hakuna kitu. Ulimi ukakataa.

"Kuna mtu amesimama kando yake, dada. Anafungua ukurasa."

"Ehee," alisema dada, akitikisa kichwa taratibu. "Aliyechora alijua. Kinanda hakipigwi na mtu mmoja." Akamrudishia stempu yake. "Ni nzuri. Itunze."

Kibanio alilia pale mbele ya dada yake na mama wa kwaya, mtu mzima mwenye mvi, bila kujificha. Dada alimpapasa kichwa kama zamani, lakini kuna mambo ambayo kupapaswa hakuyaponyi, na maji yakimwagika hayazoleki.

Wiki iliyofuata mabomba yalishushwa kwa kamba na kulazwa sakafuni juu ya mashuka makuukuu, makubwa na madogo. Kibanio aliacha kibanda chake akaja kuwafungulia wabebaji mlango, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichobaki cha kufungua. Kinanda cha umeme kilipoletwa, dada alikisifu kwa adabu, akasema vidole vyake vimechoka. Mchuuzi naye alitafutwa sana. Simu yake iliita bila kupokelewa, kisha haikuita tena, na hakuonekana akipita tena katika mji ule. Katika albamu, kijisanduku cha penseli kilikuwa kimejaa buluu, lakini pale juu, alipokaa babu mwenye pengo, palibaki alama ya mraba iliyo nyeupe kuliko karatasi yote. Pengo halikuwa limezibwa. Lilikuwa limehama tu, likaenda kukaa mahali pabaya zaidi. Baada ya miaka, wakusanyaji walimletea Kibanio akina Bach wa kahawia wengine, wenye meno yote. Aliwashukuru na kuwarudisha.

Macho ya dada yalipofuka kabisa. Siku hizi kila Jumapili Kibanio huenda kwake mapema, hana kazi nyingine, na hukaa naye mezani jikoni, kushotoni. Baada ya chai dada huweka vidole juu ya meza na kuupiga muziki ule mrefu kwenye ubao mkavu, bila sauti yoyote ila ya kucha. Sasa anaupiga wote kwa kukumbuka. Hakosei popote. Na kila anapofika mwisho wa ukurasa, kifua chake hupanda kidogo, akavuta pumzi, na mkono wa mdogo wake huinuka wenyewe kuutafuta ukurasa, ukakuta hewa. Basi huushusha polepole, asije dada akasikia, na moyoni husema yale aliyowafundisha wanawe bila kujifunza yeye mwenyewe: usiache mbachao kwa msala upitao.